Kawa lenye miguu minne: kazi ya mchoraji wa vitabu vya watoto, kutoka mswada hadi chapa

Tuseme mhariri amekuletea mswada wa kitabu cha kurasa 24. Maneno hayafiki 300. Bibi amepoteza kawa lake la kufunikia chakula, mjukuu wake Mwanaidi anazunguka nyumba nzima kulitafuta, na mwishowe linapatikana. Sentensi mojawapo inasema: "Mwanaidi alitafuta uani, hakuona kitu."

Mchoraji mgeni atamchora Mwanaidi uani, mikono kiunoni, uso umenuna. Amechora sentensi, basi. Aliyekwisha kuizoea kazi atamchora Mwanaidi ametupa mgongo, anachungulia nyuma ya mtungi, na huku nyuma kawa linajipitia zake likiwa na miguu minne. Kobe kajiingiza chini yake. Mtoto anayesomewa atapiga kelele "Lile pale!" na mwandishi hakuongeza hata neno moja.

Watu wengi wakimsifu mchoraji husifu rangi, na wakimlaumu hulaumu rangi. Kwa maoni yangu kitabu cha picha hufia sehemu mbili: kwenye vijipicha vya mwanzo, au kiwandani kwa mpiga chapa. Rangi ipo katikati ya hizo mbili na inabeba sifa na lawama zisizo zake. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye ncha hizo mbili, na katikati nitapita haraka kidogo.

Kurasa 24 si kurasa 24

Vitabu vyembamba vya watoto hubanwa pini katikati. Karatasi moja ikikunjwa mara moja hutoa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: 16, 20, 24, 32. Ulaya na Marekani 32 ndiyo desturi, kwa kuwa karatasi kubwa ya mashine ikichapwa na kukunjwa hutoa idadi hiyo bila masalio. Kwetu bei ya karatasi huvuta wachapishaji kwenye 16 na 24.

Katika hizo 24, ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu. Wa 2 ni wa hakimiliki na anwani ya mchapishaji. Wa 24 mara nyingi huchukuliwa na maswali ya mwalimu. Hadithi inabakiwa na kurasa 21: ukurasa wa 3 ukiwa peke yake, kisha jozi kumi za kurasa zinazotazamana, kuanzia 4 na 5 hadi 22 na 23. Mchoraji asiyefanya hesabu hii mwanzoni hugundua akiwa na picha 24 zilizopakwa rangi kwamba tatu hazina pa kukaa.

Chukua mswada na penseli. Weka mstari kila mahali ambapo kitu kinabadilika: mahali, wakati, mtu kuingia, hisia kugeuka. Ukipata alama kumi au kumi na moja, mshukuru mwandishi. Ukipata 17, itabidi matukio mengine yakae mawili mawili katika jozi moja, upande wa kushoto na wa kulia. Ukipata sita tu, mswada una mazungumzo mengi na vitendo vichache, na picha ndizo zitakazobeba mzigo. Hilo mwambie mhariri wiki hiyo hiyo, usingoje mwezi wa pili.

Sasa vijipicha. Tandika karatasi ya A3, chora visanduku 13 vyenye ukubwa wa kiberiti: kimoja cha ukurasa wa 1, kumi na kimoja vya jozi, kimoja cha ukurasa wa 24. Tumia kalamu nene. Penseli iliyochongwa vizuri inakushawishi uchore kope, na hapa hatutaki kope; tunataka kujua nani yuko wapi, mkubwa kiasi gani, anaelekea upande gani. Kila kisanduku dakika mbili tatu. Ukimaliza seti, geuza karatasi uchore seti ya pili bila kutazama ya kwanza, kisha ya tatu. Seti ya kwanza karibu kila mara ni picha ulizokwisha kuziona kwenye vitabu vya wengine.

Kosa linalojirudia kuliko yote: kila kisanduku kina mtu mzima mzima, kichwa hadi kidole cha mguu, kasimama katikati kama anayepigwa picha ya pasipoti. Chanzo chake ni mchoraji kufikiria watu badala ya kufikiria mahali. Dawa ni ya kitoto lakini inafanya kazi. Chini ya kila kisanduku andika herufi: M kwa mbali, K kwa kati, U kwa uso au kitu kilichosogezwa karibu. Ukisoma mstari wako ukakuta KKKKKKKKKK, unajua la kufanya. Mara moja au mbili shusha jicho hadi chini kabisa, usawa wa kobe, ili Mwanaidi aonekane ni miguu tu na ukingo wa gauni. Mara moja panda juu ya paa uone ua wote, halafu acha mtoto alitafute kawa mwenyewe.

Mwelekeo nao una lugha yake. Tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo anayesafiri huelekea kulia na anayerudi nyumbani huelekea kushoto. Mwanaidi akielekea kulia na kobe akielekea kushoto, msomaji anahisi kwamba watakutana kabla hajaambiwa. (Kwa kitabu cha Kiswahili kinachoandikwa kwa hati za Kiarabu mambo yote haya hugeuka, pamoja na upande wa kufungulia kitabu.)

Kufunua ukurasa ndiyo silaha kubwa ya kitabu cha picha. Swali likae ukurasa wa kulia, wenye namba witiri, na jibu likae ukurasa wa kushoto unaofuata. Ukiweka swali ukurasa wa 14 na jibu wa 15, macho ya mtoto yameshalila jibu kabla mama hajafika kwenye alama ya kuuliza. Kawa lionekane lina miguu kwa mara ya kwanza baada ya kufunua, si kabla.

Vijipicha vikishapita, tengeneza kitabu cha mfano: karatasi sita za A4, zikunje, zibane pini, umepata kurasa 24 za A5. Chapa maneno, yakate, yagundishe mahali pake, kisha umsomee mtu kwa sauti huku ukifunua. Hapa makosa yanajitokeza yenyewe. Utaona jozi yenye maneno 45 ikifuatwa na yenye maneno sita bila sababu, picha mbili mfululizo za mlangoni, au mkono wa Bibi umekaa hasa pale maneno yanapotakiwa kuwa.

Nafasi ya maneno hupangwa sasa, haiachwi ibahatike. Tenga robo au theluthi ya ukurasa iliyotulia: mbingu, ukuta uliopakwa chokaa, mchanga. Usiiweke juu ya majani ya mnazi, kwa sababu herufi nyeusi juu ya majani hazisomeki. Kumbuka pia vitenzi vyetu ni virefu. Neno "hawakumfungulia" kwa herufi za pointi 20, ukubwa unaomfaa mtoto anayeanza kusoma, halikai kwenye safu nyembamba pembeni mwa picha bila kukatwa vibaya. Na kama picha ina kibao cha duka, maneno ya kibao yawe kwenye tabaka lake (kama unachora kwa kompyuta) au kwenye karatasi tofauti. Kitabu kikitafsiriwa kesho, hutaki kufuta "DUKA LA MAMA" kwa brashi.

Mwanaidi abaki kuwa Mwanaidi

Kabla ya picha yoyote kubwa, chora karatasi ya mhusika: mbele, ubavu, robo tatu, mgongo, kisha nyuso nne au tano. Pima kwa vichwa. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba hadi saba na nusu, mtoto wa miaka sita kama vitano hadi sita, anayetambaa vinne. Vitabuni wengi huongeza kichwa cha mtoto hadi mwili wote uwe vichwa vinne, na si vibaya, mradi uchague namba moja na kuiandika. Usipoiandika, shingo na miguu hurefuka kidogo kidogo, na kufika ukurasa wa 20 Mwanaidi kaongezeka miaka mitatu. Kata ukanda wa karatasi wenye vimo vya wote, Mwanaidi, Bibi, mlango, mtungi, kobe, uweke mezani hadi mwisho wa kazi.

Andika pia hesabu ndogo ndogo. Kasukwa twende kilioni, mistari mingapi? Gauni lina vifungo vingapi? Kandambili zina rangi gani? Watoto huhesabu, na huandikia wachapishaji.

Kanga ya Bibi inataka heshima yake. Kanga ina pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina ndani ya kisanduku upande wa chini. Ukijaza maua kitambaa chote bila pindo umechora kitenge, na msomaji wa Tanga au Lamu atajua kabla hajasoma neno. Kwa kuwa utaichora mara ishirini, chagua mji mwepesi, korosho moja kubwa kwa mfano, na pindo la mistari miwili. Jina uliandike kwa uangalifu. Majina mengi ya kanga ni mafumbo ya watu wazima, na usingependa mwalimu aulizwe maana yake mbele ya darasa la pili.

Kobe achorwe kobe. Mara nyingi mno huchorwa na makasia ya kasa, yule wa baharini. Kobe wa nchi kavu ana miguu minene kama ya tembo, yenye kucha, na hapo ndipo penye ucheshi wote wa kawa linalotembea. Mbuzi ya kukunia nazi nayo ina mdomo wa chuma mbele, na mkunaji huikalia. Nimeona imechorwa kama kigoda kilichoegemezwa ukutani, kana kwamba mchoraji hajawahi kula wali wa nazi.

Halafu kuna tatizo la kugeuza picha. Kwenye kompyuta ni rahisi mno: mhariri anaomba Mwanaidi aelekee upande mwingine, unabonyeza mara moja, picha inageuka kama kwenye kioo. Sasa Mwanaidi anakula ugali kwa mkono wa kushoto, na mzazi wa pwani amekifunga kitabu. Daladala nayo, ambayo mlango wake kwetu uko kushoto kwa sababu tunaendesha kushoto, inashushia abiria katikati ya barabara. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Kitabu kitakachouzwa Mombasa na Bujumbura ni bora barabara yake ichorwe bila gari linalopishana na lingine. Ukilazimika kugeuza, geuza mhusika peke yake, kisha kagua mikono, vifungo, saa ya ukutani na kila penye maandishi.

Penseli, kisha rangi

Picha za penseli zichorwe kwa ukubwa wa kuchapwa, au zizidi kwa robo hivi. Ukichora mara mbili ya ukubwa, mstari wa milimita 0.3 utakuwa 0.15 ukipunguzwa, na kwenye karatasi ya bei nafuu utakatikakatika.

Vipimo vya jozi ya A4: upana milimita 420, urefu 297, kisha ongeza milimita 3 kila upande wa nje. Jumla 426 kwa 303. Hiyo ziada ndiyo wapiga chapa huiita blidi. Kisu cha kiwandani hukata rundo zima kwa mpigo mmoja na huweza kuyumba milimita moja. Picha ikiishia hasa kwenye ukingo, utabaki uzi mweupe pembeni. Nyuso, mikono na maneno yasisogelee ukingo kwa chini ya milimita 10. Na katikati, kwenye mshono, acha milimita 5 kila upande bila jicho wala kidole. Kama kitabu kitagundishwa mgongo badala ya kubanwa pini, acha 8 hadi 10, kwa kuwa hakifunguki hadi mwisho.

Mhariri aziidhinishe picha za penseli kwa maandishi, zote pamoja. Badiliko kwenye penseli ni kifutio. Badiliko hilo hilo kwenye rangi ni siku tatu.

Kwa rangi za maji, karatasi ya gramu 300 inatosha. Ya gramu 190 hujikunja ikiloa, kwa hiyo iloweshe kwanza na kuibandika juu ya ubao kwa utepe wa gundi wa karatasi, uiache ikauke ikijivuta. Wino wa mistari lazima uwe usioyeyuka kwa maji: jaribu kwenye kipande, ngoja saa moja, pitisha brashi yenye maji. Wakati wa masika pwani, saa moja haitoshi. Acha usiku kucha. Unyevu huo huo huharibu karatasi iliyohifadhiwa wazi. Dawa inayozuia karatasi isinyonye maji ovyo hudhoofika, na rangi inapoingia inatokea mabaka kama ya chai. Weka karatasi ndani ya plastiki iliyofungwa pamoja na vile vifuko vya kukaushia unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Rangi ya kanga ya Bibi ichanganye mara moja, nyingi, kwenye kichupa chenye kifuniko, kisha uipake kurasa zote. Ukichanganya upya kila ukurasa, Bibi atabadilisha kanga mara ishirini. Wala usianze kupaka ukurasa wa 3. Mkono bado mgumu mwanzoni, na huo ndio ukurasa ambao mwalimu ataufungua akiwa dukani. Anza na 10 na 11, zunguka huko katikati, urudi mwanzoni mkono ukiwa umelainika. Jalada liwe la mwisho.

Kuna wanaofuata mtindo wa Tingatinga, alioanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, miaka minne kabla ya kifo chake, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya ubao laini. Mchoraji wa Tanzania John Kilaka ameupeleka mtindo huo mbali kwenye vitabu vya watoto vilivyochapwa Ulaya na Kanada. Mistari mizito na rangi bapa za mtindo huu huvumilia sana karatasi duni. Tatizo ni mng'ao. Ubao haulali vizuri kwenye skana, hivyo lazima upigwe picha: taa mbili za aina moja, moja kila upande kwa pembe ya nyuzi 45, kamera ikitazama katikati ya ubao moja kwa moja, taa ya dari imezimwa. Bila hivyo, katikati ya twiga kutakuwa na baka jeupe.

Anayechora kwa kompyuta ana shida zake. Jozi ya 426 kwa 303 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 5031 kwa 3579. Ukianza na faili ndogo kisha ukaipanua, mistari inakuwa na ukungu na hakuna programu itakayoirudisha. Programu ya kuchorea iitwayo Krita ni ya bure na inatosha kabisa. Mistari iwe na tabaka lake, mhusika lake, mandhari lake. Weka programu ijihifadhi kila dakika tano, maana umeme haupigi hodi unapoondoka. Hifadhi kwenye faili asili ya programu au faili ya aina ya TIFF. JPEG hupoteza kitu kila unapoihifadhi upya. Nakala ziwe tatu, na moja ikae nje ya nyumba.

Kuskani picha ya A3 kwa skana ya A4: vipande vitatu vinavyopandiana kwa sentimita nne, nukta 400 au zaidi, na zima kabisa marekebisho ya rangi ya skana yenyewe. Ukiyaacha, skana itaamua rangi ya kila kipande kivyake, na mbingu yako itakuwa na mshono.

Nyuso zinazogeuka makaa

Hapa ndipo vitabu vingi vyetu huharibikia. Skrini hutoa mwanga, karatasi haitoi. Mashine ina wino wa aina nne: sayani (buluu hafifu), majenta (waridi kali), njano na nyeusi. Kijani kibichi cha jani la mgomba, chungwa kali na buluu ya bahari ya mchana havifikiki kwa wino hizo, na vitafifia upende usipende. Programu nyingi zinaweza kukuonyesha mapema picha itakavyokuwa. Itazame hali hiyo tangu mwanzo, si siku ya kutuma.

Kinachouma zaidi ni ngozi. Mashine huchapa picha kwa nukta ndogo ndogo za wino. Wino ukigusa karatasi husambaa, nukta hunenepa. Nukta zilizokusudiwa kufunika asilimia 50 ya eneo huweza kuishia karibu na 70, na kwenye karatasi ya bondi, ile ya kawaida isiyo na mng'ao, hali ni mbaya zaidi. Sasa chukua uso wa Mwanaidi uliotengenezwa kwa sayani 50, majenta 70, njano 80 na nyeusi 40. Kwenye skrini ni kahawia nzuri yenye joto. Kwenye bondi ya gramu 80 ni kipande cha mkaa chenye macho mawili. Pua imezama, mdomo umezama, tabasamu ulilohangaikia siku nzima halipo.

Dawa si kumfanya Mwanaidi mweupe. Punguza wino mweusi, ushuke hadi 10 au chini, na giza la ngozi litoke kwenye wino nyingine tatu: tuseme sayani 35, majenta 62, njano 75, nyeusi 10. Weka mwanga kwenye paji, juu ya pua na kwenye shavu, kwa rangi ya dhahabu au ya zambarau hafifu kutegemea saa ya siku. Mistari ya uso iwe ya kahawia nzito au damu ya mzee, si nyeusi, ili itofautiane na ngozi. Na panga mandhari: uso mweusi mbele ya ukuta wa chokaa unaonekana hata ukichapwa vibaya; mbele ya mlango wa mninga wenye kivuli hauonekani hata ukichapwa vizuri. Uamuzi huo wa mwisho, ukiangalia, ni wa vijipicha.

Jumla ya wino zote nne mahali pamoja isizidi asilimia 300 kwenye karatasi ya kung'aa, na 240 hivi kwenye bondi. Ikizidi, wino haukauki na huhamia mgongoni mwa karatasi iliyo juu yake. Usiku wa kitabuni kwa hiyo uwe wa buluu nzito, usiwe wa masizi.

Maneno yawe ya wino mweusi peke yake, asilimia 100. Herufi iliyotengenezwa kwa wino nne huota kivuli cha rangi pembeni mashine ikiyumba sehemu ndogo tu ya milimita. Faida nyingine ni ya biashara: mchapishaji akitaka toleo la Kiingereza au Kifaransa, anabadilisha bamba moja tu la wino mweusi na kuacha mengine matatu yalivyo.

Omba ukurasa mmoja wa majaribio uliochapwa juu ya karatasi ile ile itakayotumika. Printa ya nyumbani si shahidi. Uutazame mchana, nje, si chini ya taa ya ofisini.

Pesa na karatasi ya mkataba

Kitabu cha kurasa 24 kwa mkono mzoefu huchukua kama siku 60 za kazi: wiki moja na zaidi ya vijipicha na mfano, mbili au tatu za penseli, sita hivi za rangi, iliyobaki ya kuskani na masahihisho. Bei itokane na siku, si na hisia. Mfano wa hesabu: ukihitaji shilingi za Tanzania 60,000 kwa siku, kitabu ni 3,600,000, yaani 150,000 kwa ukurasa, kabla ya vifaa na kodi ya zuio. Mchapishaji akikupa 40,000 kwa ukurasa, una njia mbili za haki: kukataa, au kupendekeza picha 12 rahisi zenye rangi mbili. Kuchora picha 24 kamili kwa bei hiyo huishia wino wa ukurasa wa 18 kuonekana umekwenda kwa hasira.

Gawa malipo: theluthi ukisaini, theluthi penseli zikiidhinishwa, theluthi ukikabidhi. Si siku kitabu kitakapotoka. Kitabu huweza kungoja karatasi mwaka mzima. Masahihisho mawili kwenye penseli, moja kwenye rangi, zaidi ya hapo yana bei. Kazi ikifutwa njiani, malipo ya hatua iliyofikiwa yasirudishwe.

Nje, mchoraji wa kitabu cha picha mara nyingi hugawana mrabaha (sehemu ya bei ya kila nakala inayouzwa) na mwandishi nusu kwa nusu, kila mmoja akipata kama asilimia 5. Kwetu malipo ya mara moja ndiyo yameenea, na si dhambi, lakini jua unauza nini. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya 1999 na Kenya ya 2001, na zote hulinda kazi maisha yote ya msanii na miaka 50 baada yake. Ila sheria ya Kenya inahesabu kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Ukinyamaza, umegawa. Kwa hiyo andika wazi: toleo gani, lugha zipi, nchi zipi, kidijitali au la, miaka mingapi. Wanasesere, daftari na katuni viandikwe kuwa ni vyako. Mwandishi na mchoraji Mwingereza Beatrix Potter alisajili mwanasesere wa sungura wake mwaka 1903, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka kwa mchapishaji, na bidhaa zilimlipa maisha yake yote. Picha halisi za karatasi nazo ni zako hadi uziuze kwa bei yake. Mchapishaji amenunua haki ya kuzichapa.

Miradi ya hadithi huria, kama African Storybook, hutumia leseni inayomruhusu mtu yeyote kunakili, kutafsiri, kubadilisha hata kuuza, ilimradi akutaje. Ni kazi nzuri inayofikisha Kiswahili na lugha nyingine shuleni, lakini malipo ni mara moja na hayana nyongeza. Usiitoe picha ya mhusika unayetaka kumjengea vitabu vingine.

Kuhusu kupata kazi sina mengi. Mhariri hutaka picha 10 hadi 15, na kati yake tatu mfululizo za mhusika mmoja katika vitendo tofauti. Hizo tatu ndizo zinazoajiri. Tamasha la vitabu vya watoto la Bologna, Italia, hupokea kila mwaka picha tano kwa maonyesho ya wachoraji, na wachapishaji wa nchi nyingi huyatazama. Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 uliwafungulia mlango wachoraji wengi kwa kununua nakala na kuzipeleka shuleni. Nje ya hapo, vitabu vya kiada, mabango ya afya na kalenda ndivyo hulipa kodi ya nyumba miezi ya katikati.

Nakala zako za bure zikifika, kumi kwa kawaida kama mkataba ulizitaja, anza na jalada: jina lako lipo mbele, au limefichwa ukurasa wa 2 kwa herufi za pointi sita? Kisha fungua 12 na 13, uone mshono umekula nini. Kama kobe bado ana miguu yote minne, mpelekee kitabu mtoto wa jirani na usimwambie chochote kuhusu kawa.